Jalada la Mama Ishimwe

Leonardi na Wenzake, Mawakili
Mwanza
14 Februari 2005

Dada Skolastika,

Shikamoo. Natumaini maboksi yamefika salama na kondakta hakuyakalia. Lile la kijivu ndilo la kompyuta yenyewe. Lile dogo zito ni la betri, ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi umeme unapokatika, na najua huko unakatika kila ukikohoa.

Unakumbuka yaliyotupata mwaka jana. Hapa Mwanza tulimtetea mwenye mashua, kumbe ofisi yetu ya Kigoma ilikuwa imeshampokea hasimu wake. Mzee Leonardi aliitwa kujieleza mbele ya mawakili wenzake kama mtoto wa shule, na alirudi akaapa kwamba ofisi yake haitawakilisha pande mbili za ugomvi mmoja tena. Ndiyo maana nimetengeneza mfumo huu. Kila jalada la Kigoma na la Mwanza litachapwa humo. Mteja mpya akija, tunaandika jina lake na la hasimu wake, na mashine inapekua majalada yote na kusema kama tumeshakutana nao. Inapekua kwa muda mfupi kuliko wewe kutafuta miwani yako.

Ninachoomba ni hiki: chapa kila jalada lililo hai. Sehemu ya majina ya wahusika usiiache wazi, mashine haitakuruhusu kuendelea. Kila Ijumaa nakili kazi kwenye diski uitume kwa basi, nami nitatuma ya huku.

Najua umechoka. Sote tumechoka. Lakini hiki kitatupunguzia mzigo.

Mdogo wako,
Oswald


Kigoma
11 Machi 2005

Mdogo wangu Oswald,

Marahaba. Mashine yako imefika, na tangu ifike sijui bega langu la kulia limekwenda wapi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, walisema wahenga. Siku hizi Mnyamwezi ameokoka, anapewa Muha. Asubuhi nachapa, mchana umeme unaondoka, jioni unarudi wakati nafunga mlango. Wakili Feliksi anapita akielekea mahakamani Kasulu, anaiangalia kompyuta kama anayeangalia ng'ombe wa jirani, anasaini barua zake, anaondoka.

Na watu hawapungui. Wengine wanataka kurudi Burundi na hawana cheti cha ndoa, wengine wamezaliwa hapa hapa Ujiji na wanaitwa wakimbizi. Nasikiliza mpaka nasahau nilikula nini.

Nikupe mfano uone mashine yako inavyoteseka. Juzi nilichapa maelezo ya Armelle, mkimbizi wa Burundi aliyeolewa hapa Kigoma, Bangwe. Mkwewe alikuwa mtu wa zamani, amekuja kutoka Burundi tangu enzi za Mwingereza, raia kabisa, akajenga nyumba. Mzee alifariki mwaka juzi. Mwaka jana mtumbwi ukapinduka na mume wa Armelle naye akafa. Sasa kaka mkubwa wa mume anatuma salamu kwamba nyumba inauzwa. Armelle na mtoto wake Ishimwe wakitoka pale hawana pa kwenda ila kambini Mtabila. Anataka tumtetee, abaki kwa haki ya mtoto.

Nikamwuliza, "Mkweo anaitwa nani?"

"Databukwe," akasema, yaani baba mkwe wangu.

"Jina lake, mama."

"Ni yule mzee mwenye nyumba."

"Na mumeo?"

"Baba Ishimwe."

"Na huyo shemeji?"

"Mkubwa wake Baba Ishimwe. Naye ni kama mkwe, dada. Utanisamehe."

Ningemlazimishaje? Mimi ni Muha. Mama yangu amezikwa bila kumtaja babu yangu mzaa baba hata siku moja. Hata alipoulizwa hospitalini alituita sisi watoto tumtajie. Kwetu mwanamke anayemtaja mkwewe ni kama amemvua nguo hadharani. Basi kwenye sehemu ya majina nimeandika Baba Mkwe, Baba Ishimwe na Shemeji Mkubwa. Mashine ikakubali bila kuguna. Majina yenyewe tutayapata kwenye vyeti vya vifo akivileta.

Diski iko kwa kondakta mwenye jino la dhahabu.

Dada yako,
Skolastika


Mwanza
20 Aprili 2005

Dada Skolastika,

Shikamoo. Kazi yako inaonekana. Mzee Leonardi ameijaribu mashine kwa mkono wake, akaandika neno "nyavu", yakaja mashauri ya nyavu yote tangu ofisi ianze. Alicheka, na wewe unajua huyu mzee hacheki.

Nakuletea kazi. Tumepata mteja mwenye magari ya kusafirisha samaki, anaitwa Nduwayo, kwao Bangwe. Anataka kuuza nyumba ya baba yake. Nilifuata utaratibu kabla ya kumpokea. Niliandika Nduwayo, hakuna. Niliandika jina la baba yake, marehemu Barutwanayo, hakuna. Niliandika Bangwe, yakaja majalada mengi ya mashua na madeni ya dagaa. Nikafungua mawili matatu, macho yakakataa. Ilikuwa Ijumaa, dada. Nikaandika kwamba hakuna mgongano, akasaini, tumempokea.

Aliye ndani ya nyumba hataki kumtaja jina, anasema tu "mke wa mdogo wangu". Kwa hiyo notisi nimeiandikia "Mkaazi wa Nyumba". Ni ile ya tofali za kuchoma karibu na Kurwa muuza mawese. Tafadhali ipeleke. Maelezo ya mteja nimeyaambatanisha uyaweke kwenye jalada.

Oswald


Kigoma
27 Aprili 2005

Oswald,

Notisi sikuipeleka na sitaipeleka. Huyo Mkaazi wa Nyumba ni Armelle.

Nimesoma maelezo ya mteja wako mpaka mwisho kabla sijajua ninachosoma. Anasema wazi kwamba Emmanueli Ntakarutimana, aliyezama na mtumbwi mwaka jana, ni mdogo wake, baba mmoja, tumbo moja, na kwamba ameacha mjane na mtoto. Anasema nyumba ni ya urithi wao wawili, lakini yeye ndiye mkubwa na mjane ni mgeni. Hayo kayasema kwako kwa siri ya mteja na wakili, nami sasa ninayo kichwani. Na ya Armelle yote ninayo vilevile.

Mwanamke hamtaji shemeji, shemeji hamtaji mwanamke. Watu hawa hata wakigombana wanaheshimiana, ndiyo maana mashine yako haikuona kitu. Mimi niliandika Baba Mkwe nikaona nimefanya adabu. Wewe ulichoka Ijumaa. Sasa tufanyeje?

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Skolastika


Mwanza
9 Mei 2005

Dada Skolastika,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri Mzee Leonardi apoe. Hajapoa.

Ameamua, na hata ningekuwa mimi ningeamua hivyo hivyo, maana kanuni zetu hazina mlango mwingine. Tunajitoa kwa wote wawili. Tumebeba siri za huyu na siri za yule, hatuwezi kumsaidia mmoja bila kumsaliti mwenzake. Nduwayo amepewa barua yake jana na leo ameshapata wakili mwingine, barabara ya pili tu kutoka hapa.

Najua utaniuliza Armelle atampata wapi wakili huko. Wale wa msaada wa sheria wanahudumia walio kambini, na yeye hayumo kambini. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo.

Nakusihi, usimwambie neno lolote juu ya shauri hili, wala sababu ya kujitoa. Ukisema sababu umeshasema kwamba shemeji yake alikuja kwetu. Mzee kasema akisikia umevujisha neno, hatakuangalia usoni. Na mimi nisingependa kuona siku hiyo.

Oswald


Bangwe
2 Juni 2005

Kwa Dada Skolastika,

Amahoro. Mimi ni mzima na mtoto ni mzima, ila moyo si mzima.

Barua ya ofisi nimeipata. Inasema hamtaendelea na shauri langu, haisemi nimekosa nini. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa langu. Nafikiri nimelijua. Ni kwa sababu sikutaja jina la yule mzee, na wewe ulikuwa unahitaji kuandika. Nilikuona umechoka siku ile, na mimi nikakuongezea kazi.

Dada, nisamehe. Nimejaribu nikiwa peke yangu jikoni, limekataa kutoka. Yule mzee alinipokea nikiwa nimetoka vitani sina hata kanga ya pili. Hakuniuliza kabila wala ukoo. Alisema, huyu ni mwanangu, apewe maji ya kuoga. Nimtaje kama mtu wa sokoni?

Nimeletewa wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba, tarehe ishirini na mbili mwezi huu. Wakiniuliza nitasema nini? Niambie tu nilichokosa nikirekebishe.

Armelle, Mama Ishimwe


Kigoma
6 Juni 2005

Mama Ishimwe,

Hukukosa kitu. Ulivyofanya ndivyo alivyofanya mama yangu maisha yake yote. Ofisi imejitoa kwa sababu ambayo siruhusiwi kuitaja, na naomba uniamini hivyo hivyo bila ushahidi.

Sitakiwi kukuambia lolote. Nakuambia moja tu, kisha barua hii uitie motoni: barazani lazima mumeo na baba yake watajwe. Kama wewe huwezi, nenda na mtu wa kukutajia.

Skolastika


Kigoma
24 Juni 2005

Mdogo wangu Oswald,

Nilikwenda barazani juzi. Naanza na hilo kabla hujalisikia kwa wengine. Nilimwambia Wakili Feliksi kwamba napeleka karatasi za kesi ya Zefania, mteja wetu mwingine. Karatasi zenyewe zingeweza kungoja mpaka mwaka ujao. Nilikwenda kwa sababu ya Armelle, nikakaa benchi la nyuma. Sikumwambia neno.

Nduwayo alikuja na wakili wake mpya, kijana mwenye sauti ya kwaya. Na maneno yamebadilika. Safari hii marehemu Barutwanayo aliacha mtoto mmoja tu, naye ni Nduwayo. Emmanueli sasa ni mvuvi wa kuajiriwa aliyepewa chumba kwa huruma. "Hata majina yanaonyesha, mheshimiwa," akasema yule kijana. "Huyu ni Nduwayo, yule ni Ntakarutimana. Ndugu gani hao?" Sisi tunajua kwamba Mrundi kila mtoto humpa jina lake, ndugu wa titi moja hawafanani hata herufi. Lakini mwenyekiti ni mtu wa Lindi. Akaandika.

Nilimtazama Nduwayo wakati hayo yanasemwa. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Majirani hakuna aliyetokea. Mwezi huu wakimbizi walio nje ya kambi wanasakwa, na kila mtu anaogopa kuulizwa anajuana nao vipi. Kurwa alituma salamu kwamba ana mawese jikoni. Armelle alisimama peke yake.

"Mama, mumeo alikuwa mtoto wa nani?"

"Wa yule mzee mwenye nyumba."

"Ana jina?"

"Analo."

"Basi litaje."

Akanyamaza. Mwenyekiti akauliza tena, akanyamaza. Wakili akatabasamu, akasema, "Mheshimiwa, halijui." Mzee mmoja wa baraza akamwinamia mwenyekiti, akamweleza kwamba kwa watu hawa mkwe hatajwi. Mwenyekiti akavua miwani. Si mtu mbaya. Akasema, "Mila naiheshimu, lakini siwezi kuandika kimya. Kama yeye hawezi, yupo wa kumtajia?"

Armelle akageuka, akainua mkono, akanielekeza. "Yule dada pale nyuma. Yeye ndiye aliyeandika habari zetu, anajua. Mumuulize."

Niliogopa, Oswald. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilijua kabisa kwamba nikibaki nimekaa naendelea kuwa karani, na nikisimama siendelei. Nikamfikiria Mzee Leonardi, nikakufikiria wewe. Halafu nikaona yule mwanamke bado ameinua mkono wake, hajaushusha, kwa sababu hana shaka hata kidogo kwamba nitasimama.

Nikasimama, nikataja jina langu na la ofisi. Nikasema, "Emmanueli Ntakarutimana ni mwana wa Barutwanayo. Yeye na huyu bwana ni tumbo moja."

Kijana wa kwaya akaruka. "Pingamizi! Huyu ni karani wa ofisi iliyokuwa ikimwakilisha mteja wangu! Hayo ameyasoma kwenye maelezo ya mteja wangu, hiyo ni siri yake!"

Mwenyekiti akaweka kalamu chini taratibu. "Wakili," akasema, "unaliambia baraza kwamba mteja wako ndiye aliyeyasema hayo?"

Kijana akakaa.

Ndipo yule mzee wa baraza akamgeukia Nduwayo, akamwambia kwa Kiha, bila ukali, kwamba mke wa mdogo wake yuko tayari kupoteza nyumba kuliko kumvunjia mkwewe heshima, na yeye Nduwayo anamkana ndugu yake wa tumbo moja mchana kweupe. Nduwayo akaviangalia tena viatu vyake. Kisha akasema, "Ni mdogo wangu." Akasema tena kwa Kiswahili, mwenyekiti aandike.

Mwenyekiti akaamua kwamba vyumba vya nyuma ni vya mtoto wa Emmanueli, na mama yake asitolewe. Uamuzi umetolewa siku hiyo hiyo kwa kukiri kwake.

Sikungoja nje. Nilirudi ofisini nikachapa majalada yaliyobaki.

Skolastika


Mwanza
15 Julai 2005

Dada Skolastika,

Malalamiko ya yule wakili yalifika kabla ya barua yako. Tumekaa kikao.

Mzee Leonardi alisoma barua yako kwa sauti, yote, hata pale pa Kurwa na mawese yake. Alipomaliza aliikunja. Akasema kwamba ulichosema barazani ni kweli na ndiyo maana huwezi kubaki. Ungesema uongo, watu wangesema umepotoka wakakusamehe, lakini ukweli huo uliutoa kwenye jalada la mteja. Akasema kesho atakuja mtu hapa na siri yake, naye ataanza kujiuliza kuna karani gani mwenye huruma atakayeitoa. Na hakukosea. Wewe nawe hukukosea, na hilo ndilo linaloniumiza.

Aliniuliza kama nina la kusema. Nilisema Ijumaa ile nilichoka. Hakuna aliyeuliza Ijumaa ipi.

Barua rasmi itakufikia kwa Wakili Feliksi pamoja na stahili zako. Kwenye mfumo nimeambiwa nikufunge usiingie tena. Nimekufunga kwa mkono wangu jana, kisha nikatoka nikatembea mpaka ziwani, nikarudi. Nimeongeza pia sehemu ya undugu, ili aliyeandikwa Baba Mkwe alazimishe mashine kuuliza ni mkwe wa nani. Mzee amesifu. Nilitamani anyamaze.

Uliniandikia kwamba hukumwambia Armelle neno. Sikuulizwa juu ya hilo, na mimi sikuulizi.

Atakuja kijana mwingine kushika nafasi yako mwezi wa nane. Niandikie unakwenda kukaa wapi, hata kama hutaki kuniandikia kwa lolote jingine.

Mdogo wako,
Oswald


Bangwe
4 Agosti 2005

Kwa Dada Skolastika,
Ofisi ya Mawakili, Kigoma mjini

Amahoro. Sisi ni wazima, safari hii hata moyo ni mzima.

Siku ile nilitoka barazani sikukuona. Nilitaka kukushika mkono. Nikasema huyu dada ana kazi nyingi, amerudi kwa wengine wenye shida zao.

Shemeji yangu alikuja wiki iliyopita kutoka Mwanza, akalala vyumba vya mbele, ambavyo ni vyake. Nilimpikia ugali wa muhogo na samaki mgebuka. Alikula, mimi nikakaa jikoni. Baadaye akamwita mtoto, akamtazama sana, akasema ana macho ya baba yake. Ya barazani hatukuyagusa. Alipoondoka alimwachia mtoto viatu vya shule. Vinamzidi kidogo, atavikulia.

Barua yako niliitia motoni kama ulivyosema. Lakini habari zako nimewapa majirani. Sikuwaambia mengine, nimewaambia tu kwamba pale ofisini yupo mtu. Kurwa ana shauri la kiwanja na wapwa wake, anaogopa mawakili, anasema watamchanganya kwa maneno. Nimemwambia asiogope. Atakuja Jumatatu na hii barua mkononi, na wengine wawili wa huku nyuma yake. Nimewaambia wamuulizie Dada Skolastika, yule ambaye ukishindwa kusema, atasimama akusemee.

Usitoke Jumatatu hiyo.

Armelle, Mama Ishimwe